Macho Aliyoyainamisha Masanja

Mpendwa Mama Kulwa,

Mwangaluka, umeamkaje, mke wangu? Najua huko uliko hakuna posta, na hata ulipokuwa hapa mwandiko wangu ulikuwa ukiuita nyayo za kuku. Ila leo nimekaa mezani tangu saa tatu, simu iko kando ya kikombe, na nisipoandika nitampigia Doto anikasirikie. Binti yako sasa ni mpelelezi, kama nilivyokuwa mimi. Asubuhi hii kanipigia kutoka kazini, kanieleza jambo moja, nami nikamjibu kwa lile swali lako. Akakata simu. Hajapiga tena.

Unalikumbuka swali lako? Wewe ulikuwa na tabia ya kusema jambo zito halafu unaendelea kumenya karanga kama vile hukusema kitu.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kumiminika huku kwetu, kila mmoja na mizani yake, na wakulima waliozoea kuuzia ushirika tu hawajui wamwamini nani. Upande wa Kasoli ghala la mnunuzi mmoja likaungua jioni, mlinzi akaungua mikono yote miwili. Tukamkamata Masanja, mkulima, kwa sababu siku mbili kabla alimwambia yule mnunuzi mbele ya watu kwamba mizani yake inasema uongo. Kosa lenyewe linaweza kumpeleka mtu jela maisha. Shahidi pekee, aliyemwona mtu akikimbia kutoka ghalani, alikuwa mama mkwe wake Masanja.

Basi mimi, mpelelezi wako hodari, nikawaweka chumba kimoja. Mama huku, mkwewe pale, hatua mbili katikati. Nikamuuliza mama, "Uliyemwona ndiye huyu?" Akajifunika kanga usoni, akageukia ukuta. Nikamgeukia Masanja: "Mtazame shahidi!" Akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, jasho likamdondokea magotini. Nikaandika: shahidi alimwogopa mtuhumiwa, mtuhumiwa alishindwa kumtazama shahidi machoni. Nikapigia mstari, tena kwa rula.

Mchana nikaja nyumbani natembea kama jogoo. Ulikuwa umepika michembe ya viazi vitamu. Nikakusimulia yote, nikamalizia kwa hekima: "Hatia inakaa machoni, mke wangu. Ukijua kuisoma, kazi imekwisha."

Ukamenya karanga mbili, tatu. "Na wewe, mama yangu umemtazama machoni lini?"

Nikacheka. Wewe hukucheka.

Ndipo nikakumbuka siku ya kwanza kwenu Nkoma. Mimi mtoto wa kota za polisi, mila nilizijua kwa kusimuliwa. Nilimwendea mama yako mbio, nikamshika mkono kwa mikono miwili kama mgombea udiwani. Mama yako akaganda. Shangazi zako wakapiga yowe. Kaka yako akanivuta pembeni: "Shemeji, mkwe hashikwi, hatazamwi. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayeingia kwenye miiba." Miaka yote baada ya hapo nilikatiza uani kwa mama yako nikitazama viatu vyangu. Halafu nikavaa sare, nikasahau.

"Ungekuwa mle ndani wewe," ukaniambia, "ungefungwa pamoja na viatu vyako." Halafu, huku unapuliza maganda: "Kabla hujasoma macho ya mtu, Baba Kulwa, uliza kwanza nani mwingine yuko chumbani."

Nikasukuma sahani kando. Jalada lilikuwa liondoke kesho yake na basi la asubuhi kwenda Shinyanga kwa mwanasheria wa serikali, na mstari wangu uko ndani. Nikapanda baiskeli, nikarudi kazini. Mkubwa wangu akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Asubuhi umesema kesi imeiva. Sasa unasema hata sufuria hukubandika?"

"Nilikosea, afande."

"Basi kaandike hivyo hivyo, kwa jina lako."

Nikamfuata yule mama shahidi kwake. Safari hii tulikaa nje, mimi na yeye tu, na salamu nikazimaliza zote, hata za ng'ombe. Kisha nikamuuliza upya.

"Aliyekimbia alinigonga," akasema. "Akanishika bega asianguke. Huyu aliyemuoa binti yangu angeingia mle motoni kuliko kunigusa."

"Mbona hukuniambia siku ile, mayu?"

"Ningesemaje, naye umemweka pale?"

Hata siku hiyo jina la Masanja hakulitaja.

Wiki iliyofuata Masanja aliachiwa. Aliyechoma ghala hatukumpata. Miaka mingi baadaye nilikutana na Masanja mnadani, kila mmoja anakagua ng'ombe asiye na uwezo wa kumnunua. Akanitazama machoni, sawasawa, bila haraka. Aliyeinamisha macho ni mimi. Hilo sikukusimulia.

Lipo na lingine. Siku moja uliniuliza, "Na wale wengine uliowasoma macho kabla ya Masanja?" Nikajifanya nimesinzia. Sikuwa nimesinzia, Mama Kulwa. Nilikuwa nawahesabu, na mpaka leo nikifumba macho wanapita mmoja mmoja, vichwa vimeinama, nami sikumbuki nani mwingine alikuwa chumbani.

Ndiyo maana leo asubuhi Doto aliponiambia kwa furaha, "Baba, nimempata! Hathubutu hata kumtazama shahidi," nilikiweka kikombe mezani. Nikamuuliza, "Nani mwingine yuko mle chumbani?"

Akanijibu kwa sauti yako kabisa, ile ya kumenya karanga: "Ngoja, baba."

Sasa inakaribia saa sita. Nimeitazama simu kama ina chaji, inayo. Labda yule mtu ni mwongo kweli, na mimi ni mzee ninayemtia binti yetu wasiwasi wa bure. Naomba iwe hivyo. Halafu naona aibu, maana nimeomba mtu awe na hatia ili mimi nipumue.

Pumzika, mke wangu. Ukikutana na mama yako huko, mpe salamu zangu kwa mbali. Mwambie bado natazama viatu.

Mumeo,
Baba Kulwa