Mwaka Mmoja Niliousema Mimi

Nyamianda, Uvira
Tarehe 19 Mei 2024

Mpendwa mpwa wangu Toussaint,

Salamu nyingi zikufikie huko Durban, wewe na mkeo Providence na mtoto. Mnaendeleaje? Kile kifua chako kimepona, au bado unakohoa kila ukisimama nje kwenye baridi? Unywe vitu vya moto. Sisi tuko wazima, Mungu anatusaidia. Mgongo wangu tu ndio unanikumbusha umri kila nikiinama kufunga viatu.

Ziwa limepanda mwaka huu kuliko tulivyozoea. Huko Gatumba maji yaliingia hadi jikoni kwa mama yako, akahamia kwa dada yako Sidonie. Amepoteza magodoro mawili. Ulimi wake umeokoka, usiwe na wasiwasi.

Binti yangu Noella alinisomea ujumbe wako wa mwezi wa tatu. Nilifurahi kusikia umepata kazi ya ulinzi kwenye uwanja wa kriketi, ingawa mchezo wenyewe, jinsi ulivyonieleza, umenishinda. Watu wanacheza siku tano, wanapumzika kunywa chai, na bado mshindi anaweza kukosekana. Hapa Uvira mashabiki wangekuwa wamemfukuza mwamuzi tangu siku ya pili.

Lakini swali lako nililielewa vizuri. Ulisema wachezaji wawili wa timu za taifa waligongana mabega kwa makusudi, mmoja mwenyeji, mwingine mgeni. Mgeni akafungiwa mechi mbili, mwenyeji akaonywa tu, nanyi walinzi mkabishana getini hadi mkanuniana. Ukaniuliza mimi, niliyekaa miaka kumi na moja katika komisheni ya nidhamu ya soka, inakuwaje watu wenye picha za kila upande waone kosa moja kuwa makosa mawili. Ukamalizia kwa kusema unajua mimi nilijaribu siku ile ya kesi yako, ila walinizidi kwa wingi.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonichelewesha miezi miwili. Nimekurekodia sauti mara nyingi kwenye simu, nikazifuta zote. Sasa naandika kwa mkono, Noella ataipiga barua picha akutumie.

Kriketi siijui, na waliowahukumu wale wachezaji siwajui; huenda walikuwa na sababu zao. Ninachokijua ni lile darasa la shule ambamo komisheni yetu ilikaa mwaka 2018, baada ya mechi ya vijana wa Uvira na wa Bujumbura, wewe ukiichezea Bujumbura. Pitchou wa kwetu alikuvuta jezi, ukampiga kiwiko, naye akakupiga teke mkiwa chini. Kadi nyekundu mbili. Raporo ya mwamuzi iliwaandika sawasawa, kwamba mmepigana.

Pitchou aliingia na baba yake mkubwa. Mzee alivua kofia, akatusalimu mmoja mmoja kwa Kifuliiru, lugha ya huku kwetu, akasema mtoto amekosa na ukoo mzima umekosa pamoja naye. Kwetu mtu mzima akishajishusha hivyo, ni vigumu kumrudisha mikono mitupu. Pitchou mwenyewe hakufungua hata mdomo. Tukampa mechi mbili.

Kisha ukaingia wewe, peke yako, umenyooka, unajibu kila swali kwa Kifaransa cha shule. Rais wa komisheni akauliza, "Na huyu wa ng'ambo, iko na nani wa kumusemea?" Ukaniangalia. Mimi nikaangalia karatasi zangu.

Kila mtu hapa anajua ni nani humsemea mtoto wa dada, hasa baba yake akiwa amefariki. Mama yako alikuwa amejiandaa kuvuka mpaka pale Kavimvira siku ile, aje akuombee msamaha. Nikamwambia asijisumbue, mimi nitakuwemo. Kwa hiyo ulisimama peke yako kwa sababu yangu, na wenzangu wakaona kiburi. Hakuna aliyesema tumwonee mgeni. Mtu angetuambia hivyo tungekasirika kabisa.

Hiyo ni sehemu unayoijua. Nyingine huijui. Asubuhi ile Rais alikuwa amenitania mbele ya wote: "Placide, leo tutaona kama weye iko wa huku ao wa ng'ambo." Wakacheka, nikacheka nao, lakini ilinichoma. Ulipotoka nje, Rais alipendekeza mechi sita, na wengine walikuwa wameanza kukubali. Mimi ndiye niliyesema haitoshi. Mimi ndiye niliyesema mwaka mmoja, tena kwa sauti, ili asipatikane mtu wa kusema namlinda mtoto wa dada yangu. Walinishangaa kidogo, kisha wakaandika.

Toussaint, hawakunizidi kwa wingi. Niliwatangulia.

Ile klabu ya Bujumbura iliyokuita kwa majaribio haikungoja uishe mwaka, nawe ukapanda basi la kusini. Na mimi kila Krismasi nimekula kuku wa mama yako, akinishukuru kwa kumpigania mtoto wake, nami nikimjibu, haidhuru dada, tulijaribu. Nilijiita mtu wa haki. Nilikuwa mwoga tu. Najuta sana, na aibu yake naamka nayo.

Komisheni nimeiacha mwezi uliopita. Sikuwapa sababu, maana haikuwa haki yao kuisikia kabla yenu. Alhamisi nikavuka kwenda kwa Sidonie, nikamweleza mama yako yote. Alikuwa anachambua maharage. Hakulia, hakunitukana. Aliendelea mpaka akamaliza sinia, ndipo akasema: "Andikia mutoto. Lakini usimuambie miye nimekusamehe, juu sijakusamehe." Akanipa maji ya kunywa, nikarudi nyumbani.

Basi siombi kitu kwa kupitia kwake, wala sitatafuta mzee wa kunisemea. Nakuja kwako peke yangu, kama ulivyokuja kwetu. Nimekukosea, mwanangu. Ukitaka kukasirika, kasirika. Ukitaka kunyamaza mwaka, nitauhesabu.

Mke wangu Émérance anakusalimu sana. Naye nimemwambia, na tangu Ijumaa ananiwekea chakula bila neno. Noella anamsalimu Providence, anaomba picha ya mtoto. Sidonie anasema umpigie mama Jumapili, mtandao huwa mzuri baada ya misa.

Mungu akulinde kazini kwako, na popote utakapoitwa kuhukumiwa, akupe mtu wa kusimama upande wako.

Wako akupendaye,
Placide

Hapo juu sikuandika "mjomba wako". Hilo neno utalirudisha wewe, siku ukiona linanifaa.