Sega Nililolinyoosha kwa Kisu

Jumatatu, 9 Juni

Mizinga minane leo. Sita ina asali. Mmoja nyuki wamehama, mmoja kaufumua nyegere. Nyegere huyo tutaonana. Nimeumwa mara nne tu na miguu imenirudisha nyumbani. Ahsante Mungu kwa hiyo sita.

Jioni Mwinjilisti kapita. Jumapili baada ya ibada atafundisha juu ya uumbaji, kuijibu ile elimu ya kwamba viumbe walibadilika wenyewe kidogo kidogo mpaka wakafika hapa. Anataka sega zima la kuonyesha watu. Nimemwahidi zuri kuliko yote. Nimefurahi kuombwa. Mzee wa kanisa na mrina asali ni mimi peke yangu hapa kijijini, angemwomba nani tena?

Jumanne, 10 Juni

Sega nimelitoa kwenye mzinga wa mbao. La mzinga wa gome lingevunjika. Jipya, jeupe, bado halijatiwa asali. Nimelishika juani. Pembe sita, pembe sita, safu kwa safu, kuta nyembamba kuliko karatasi ya Biblia. Hakuna nta iliyopotea bure. Na nyuki hana rula, hana mwalimu. Miaka arobaini nafungua mizinga na bado natetemeka. Mtu akiniambia hakuna aliyepanga haya, namwona kama mgeni aliyekuta nyumba imefagiwa, maji yapo mtungini, halafu akasema hapa hakai mtu.

Mama Nyamizi anasema nazungumza na sega kuliko ninavyozungumza naye. Kweli.

Upande wa chini lina kasoro. Nyuki walipoacha kujenga vyumba vidogo vya vibarua wakaanza vikubwa vya madume, vile vya katikati vimekwenda kombo. Vingine pembe tano, vingine saba. Ni kawaida, kila mrina asali ameviona. Nimechukua kisu nikaondoa upande huo, upana wa vidole vitatu. Sasa limenyooka. Linapendeza.

Jumatano, 11 Juni

Mwanangu Nyamizi anakuja kesho. Mama yake ndiye aliyempigia simu, si mimi.

Hajaja tangu Krismasi. Anafundisha biolojia sekondari, kule Nzega. Krismasi aliwaambia vijana wa kanisa kwamba somo hilo la mabadiliko ya viumbe lipo darasani, na Mkristo anaweza kulisoma bila hofu. Nikasimama mbele ya watu wote nikamwambia akae chini. Mtu mzima, mwalimu, nikamkalisha kama mtoto. Akakaa. Asubuhi yake akapanda basi.

Nilikuwa na hasira. Nilikuwa na hofu pia, hiyo sikuisema. Nilidhani imani inamtoka mwanangu wa pekee na watu wanaona.

Alhamisi, 12 Juni

Kafika saa kumi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Shikamoo baba. Marahaba. Basi. Kamletea mama yake kitenge, mimi kaniletea glavu ndefu za kurinia. Zinanitosha barabara. Nimeshindwa kusema ahsante ya maana. Tumekula ugali na mlenda kimya, lakini tumekula watatu. Mungu, hilo tu lilinitosha.

Ijumaa, 13 Juni

Mwinjilisti kaja kulitazama sega. Kaligeuza pande zote, kacheka kwa furaha. Anasema atawatangazia watu: aletewe chumba kimoja tu kilichokosewa, naye atakaa chini. Halafu atamwita Nyamizi, mwalimu wa biolojia, ahesabu pembe kwa sauti mbele ya kanisa.

Nikacheka naye. Alipoondoka kicheko kikaniganda. Nimemtengenezea mtego mwanangu mwenyewe, kwa kisu changu.

Nilitaka kumfuata Mwinjilisti njiani. Sikumfuata. Niliona haya.

Jumamosi, 14 Juni

Nyamizi alikuwa anamsaidia mama yake kuyeyusha nta. Kipande nilichokata kilikuwa kando, kwenye beseni la makapi yanayosubiri kuyeyushwa. Nilikuwa mlangoni. Akakiokota, akakiinua kwenye mwanga, akakitazama kwa muda. Akatazama sega pale mezani, ule ukingo wake ulionyooka mno. Kisha akakirudisha kwenye beseni taratibu, akaendelea kukoroga sufuria ya nta.

Huyu alinishikia moshi wa kufukuzia nyuki tangu ana miaka tisa. Hawezi kudanganyika kwa sega. Amejua, na amejua kwamba mimi najua.

Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 15 Juni

Niandike kama ilivyokuwa.

Kanisa lilijaa. Mwinjilisti alifundisha vizuri, sitamsingizia. Jicho, mbegu, mbawa za ndege, kisha nyuki. Mengi nilikubaliana naye na bado nakubaliana. Kisha akaliinua sega langu, akatoa changamoto yake, akamwita Nyamizi.

Mwanangu akaenda mbele. Angeweza kunimaliza kwa sentensi moja. Alihesabu safu mbili kwa sauti, akasema, "Vyote nilivyohesabu vina pembe sita, Mwinjilisti." Akarudi kukaa. Watu wakapiga makofi. Mmoja nyuma akapaza sauti kwamba mwalimu leo kafundishwa. Yeye kainamisha kichwa.

Alinisitiri. Mimi nilimkalisha, yeye kanisitiri.

Nikasimama. Nikashika benchi la mbele. Nikasema sega hilo nimelikata. Upande niliokata una vyumba vya pembe tano na saba, nao umo kwenye beseni nyumbani kwangu, anayetaka aje auone.

Mwinjilisti akaniuliza, "Sasa, Mzee, unataka kusema Mungu alikosea?"

"Sijasema Mungu kakosea. Nimesema mimi nimekata."

Nikaongeza kwamba namwamini Muumba leo kama nilivyomwamini jana. Ila nilitaka kumsaidia kwa kisu, wala hakuniomba. Na vile vyumba vya kombo, ndivyo vinavyounganisha vidogo na vikubwa bila kuacha tundu. Kazi ile ni nzuri kuliko sehemu iliyonyooka, na ndiyo niliyoificha.

Halafu nikageuka kwa Nyamizi. Nikamwomba radhi kwa yale ya Krismasi, palepale nilipomkalisha. Mama Nyamizi alilia wazi wazi, na simlaumu.

Mwinjilisti alikunja karatasi yake ya somo. Nje alinipa mkono, baridi kidogo, lakini alinipa. Anasema atakuja kukiona kipande. Ahsante kwa hilo pia.

Njiani Nyamizi akanitania kwamba hoja yangu ya vyumba vinavyounganisha ana majibu yake, nijiandae. Nikamwambia na mimi ninayo yangu. Tukabishana mpaka nyumbani. Muda mrefu sijafurahi hivyo.

Jumatatu, 16 Juni

Asubuhi baridi. Michembe ya viazi vitamu na chai.

Nilitaka kuomba kabla ya kula, kama kawaida yangu. Nikaona nimwulize kwanza. Nikasema, mwanangu, bado unasali? Akanitazama, akasema kila siku, baba, darasani kabla sijaandika ubaoni. Nikamwambia basi leo omba wewe.

Kaomba kwa Kinyamwezi. Kashukuru kwa wanafunzi wake, kawataja wengine kwa majina. Kashukuru kwa mama yake. Kanitaja mimi, kirefu. Miezi sita nilipigana na imani yake kana kwamba haipo, na sikumwuliza hata siku moja.

Chai ilipoa. Tukainywa hivyo hivyo.