Kinundu Nilichokifuta Kwenye Kisu Chako

Keko, Jumapili, 9 Juni 1974. Baridi kidogo asubuhi. Manyunyu hadi saa mbili, kisha jua.

Baba yangu,

Leo nimekitoa kabatini kisu chako cha kukunja, kile cha mpini wa mpingo ulichokuwa ukimenyea machungwa na kunikatia mimi kipande cha kwanza. Nimekifunga taratibu huku nikimulika ndani kwa tochi. Makali hayagusi kitu. Yanaishia juu kidogo ya chuma cha mgongo wa mpini, kwa sababu ya kinundu ulichokiacha kwenye shina la bapa. Kinundu nilichokifuta mimi.

Unaikumbuka siku ile? Ulikuwa umeketi juu ya boksi la misumari, nami nimetandaza mchoro kwenye benchi. Ushirika wetu wa mafundi visu ulitaka kisu chako cha zamani kiwapendeze wanunuzi wa sasa: mpini mwembamba wa plastiki, pete ya kutundikia funguo, bapa lililonyooka. Ukaweka kidole chenye masizi juu ya karatasi yangu safi.

"Hapa pamekuwa patupu, mwanangu. Kinundu kiko wapi?"

"Kinaharibu umbo, baba. Watu wa leo wanataka kitu laini."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Nilidhani umenisifu.

Visu vilitoka vikali, kama kawaida ya mkono wako. Lakini kila vilipofungwa, makali yaligonga chuma ndani, na baada ya wiki havikukata kitu. Muuza machungwa mmoja alikuja na chake, akakuwekea miguuni.

"Shikamoo, mzee. Nilinunua kisu, umenipa kijiko!"

Karakana nzima ilicheka. Mwenyekiti akasema macho yako yamechoka, hujui tena kunoa. Ulinitazama mara moja tu, ukaendelea kupangusa mikono. Na mimi, katibu wa ushirika, nikaandika kwa mwandiko mzuri: mzee aondolewe kwenye jiwe la kunolea. Ukapewa ufagio. Ulifagia vumbi la wenzako hadi ulipougua, na tukakuzika ukiitwa mzee aliyesahau kazi.

Juzi mnoaji mpya, mwenye macho mazima kabisa, naye alirudishiwa visu butu. Ndipo nikakikumbuka chako.

Mchana huu nimempelekea mwenyekiti mchoro wenye kinundu. Ameugeuza huku na huku, akapiga paja.

"Ndugu katibu, huu ndio ubunifu! Kesho mkutanoni utapigiwa makofi."

Nimemshukuru, baba, bila kukutaja. Hata leo.

Nina hasira na wewe. Neno moja tu siku ile lingetosha, ukalimeza ili nisiaibike mbele ya watu. Umeniachia aibu kubwa zaidi, na hupo tena nikuombe radhi. Lakini nina hasira zaidi na huu mkono wangu mwepesi wa kuandika, ulioandika kila kitu isipokuwa ukweli.

Kwa hiyo barua hii siiachi humu kwenye shajara yangu. Kesho alfajiri naigongomea mlangoni mwa karakana, waisome kabla ya makofi. Hukusahau kunoa. Aliyekosea ni mimi. Wakitaka kuniondoa ukatibu, ufagio wako bado uko pale pale nyuma ya mlango, nitaushika.

Lala, baba. Kisu chako nimekipaka mafuta.

Binti yako, aliyesoma.

Misumari minne na nyundo nimeviweka mkobani. Nalala sasa, saa tisa kasoro dakika kumi usiku.