Kaseti ya Ziha na radio za Kadutu

Kazi moja, jumatatu, 4 oktobre 1999

Misa, bugali, kisha soko la Kadutu tena. Kaseti ya Ziha kifuani, chini ya kitenge. Mutoto wangu wa mwisho amenitumia sauti kutoka machimbo ya zahabu kule Luhwindja, na mimi sina pa kuisikilizia. Radio yetu waporaji walibeba, pamoja na kufuli ya mlango.

Shule sikuingia. Herufi hizi nilizipata parokiani, uzeeni, na barua ndefu zinanishinda. Ndiyo maana tuko na kaseti moja, yeye na mimi. Inaenda, inarudi, kila mutu anafuta maneno ya mwenzake kwa kusema yake juu. Akiniuliza kitu ananyamaza kidogo, ili nijibu. Nami najibu radio, kama mwenye wazimu. Ndivyo tunavyozungumza.

Safari hii mama muuza maharagwe aliileta na habari mbaya. Watu wa bunduki waliingia machimboni. Ziha haonekani. Kaseti yenyewe hakupewa na Ziha, ilipita kwa mikono mingi.

Tonton Deo, ndugu wa marehemu muzee wangu, baba ya Ziha, anataka matanga jumapili, siku ya Mungu. Furaha, muke wa Ziha, anyolewe nywele kama mujane. Nilisema hapana, mpaka nisikie kaseti yote. Alicheka. Mujinga yule.

Kazi mbili, 5

Muuzaji anakuonyesha radio kwa kaseti yake ya muziki. Hapo kila radio ni malaika. Nikatoa yangu. Ziha akatoka na sauti ya ng'ombe mugonjwa.

Ni pile tu, betri zimechoka, maman, muuzaji akasema. Akazitoa, akaziuma kwa meno, akazirudisha. Ng'ombe yuleyule.

Ziha alikuwa anasema "Maman, uko?" Ilikuwa kama anasema toka chini ya udongo. Nilizima mimi mwenyewe.

Kazi tatu, 6

Radio mbili. Moja ilitaka kumeza utepe. Niliuvuta taratibu, nikaukaza kwa kalamu ya biki. Ya pili, mlio wa nyuki tu.

Nimechoka. Furaha hali kitu.

Kazi ine, 7

Mjini, duka la vyombo vya umeme. Mashine kubwa, masanduku mawili ya sauti, yamesimama kama watoto wa komunyo. Mwenye duka alinitazama miguu. Nikamwambia, "Papa, acha viatu, vyenyewe havisikii." Akacheka, akaiweka.

Ziha, safi. Kama yuko nyuma ya pazia. "Maman, uko?" Akanyamaza, kawaida yake. Nikafungua mdomo.

Mwanamuke akajibu kabla yangu. "Niko."

Toka mulemule ndani ya mashine. Mbali, kama mutu aliye kisimani. Mwenye duka aliacha kupangusa vioo. Ziha akauliza, "Ulikula?" Kimya. Na yule mwanamuke: "Nilikula, mwanangu."

Umeme ukakatika. Mwenye duka alinirudishia kaseti kwa ncha za vidole, akaniomba nisirudi nayo.

Nani yule? Namuchukia. Mutoto ni wangu.

Posho, jumamosi, 9

Radio yangu! Kadutu, juu ya gunia. Kona iliyoungua mafuta, na musumari niliouweka pahali pa batoni, kitufe kilichovunjika. Muuzaji alisema imetoka mji wa Kamanyola. Nikasema imetoka jikoni kwangu, aniambie huo musumari nani aliuweka. Watu walijaa. Alipunguza bei tu, mbwa yule. Nikavua kitenge changu cha Pasaka nikampa. Kununua kitu chako mwenyewe, ndiyo vita.

Tuliisikiliza mchana, Furaha na mimi. Inakwaruza, lakini ilifika mwisho. Mwanamuke yule yuko. Furaha alinishika mukono.

"Maman, ile ni wewe."

Maisha yote naitumia, na sikuijua sauti yangu. Ni maneno niliyomutumia mara iliyopita. Mashine yake haikuyafuta vizuri, yamebaki chini ya maneno yake. Ningetulia. Sikutulia. Kwa nini najibu palepale anaponiuliza?

Kisha Ziha: "Maman, ngoja kidogo. Kuna mutu anaita kwa mulang..."

Ta. Batoni ya kuzima.

Pile zikiisha, sauti inazama polepole. Hii haikuzama. Kidole kilifinya. Na hapohapo mimi, kwa nguvu, bila yeye juu yangu: "...na siku ukirudi usiingie tu kama mbuzi. Piga hodi. Nataka nisikie hodi yako."

Uani kuku wote walikuwa wamesimama, wanatazama nyumba.

Siku ya Mungu, 10

Tonton Deo alikuja na wembe mufukoni. Nilimukalisha, nikamusikilizisha mpaka mwisho. Aliomba maji. Wembe alirudi nao.

Kidole cha nani, sijui. Cha Ziha au cha yule aliyeita. Nisiyejua kama amekufa, simulilii. Matanga hakuna. Furaha amekula, nimemusuka nywele, vizuri, za kukaa siku nyingi.

Tangu waporaji wabebe kufuli, mlango unakaa wazi mchana kutwa. Leo nimeusukuma, nimeweka jiwe nyuma yake. Jirani anauliza kwa nini, na jua lote hili.

Mlango ulio wazi haupigiwi hodi.