Mahindi kwa Majina Matatu

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipokaa, na zimfikie pia wifi, maana najua sauti unayoisikia sasa ni yake. Wifi, nakuomba jambo moja kabla hujaenda mbali: msomee yote. Usiruke mahali, hata utakapofika pale utakapotamani kukunja karatasi na kumwambia barua imeisha. Huku sisi ni wazima. Mafua yaliyonilaza yameniachia, imebaki sauti ya chura tu. Watoto wanasoma, na yule mkubwa sasa anavaa viatu vya baba yake bila kuomba ruhusa.

Mkono unaendeleaje? Nimesikia bandeji imetolewa, ila vidole viwili bado vinasita kwenye vitufe vya simu. Hao wa hospitalini wakuvumilie. Miaka kumi na saba umewapokelea simu bila kumkosea mtu jina. Wakingoja sekunde mbili zaidi hawatadhurika.

Ujumbe wako niliupata. Ulisema daktari wa wanyama amempima Karani damu na minyoo, amemchana kwa kitana kutafuta viroboto, na hakupata kitu. Ulisema manyoya yanabaki mkononi ukimpapasa, mbavu unazihesabu kwa vidole, choo ni kingi kuliko anachokula, na asubuhi anainuka kwa shida. Kuhusu siku uliyotumbukia mtaroni akikuongoza, hukumlaumu. Ulisema alisimama kukuonya kama anavyosimama siku zote, ila alichelewa hatua moja, kama mtu aliyeitwa akiwa amesinzia, na hatua hiyo moja ndiyo iliyokuvunja mkono. Daktari akasema huenda tatizo liko kwenye bakuli. Ukamjibu kwamba chakula cha bakuli hilo kinatoka kwa mdogo wako anayefanya kazi kiwandani, kwa hiyo hakina shaka, lakini ili kumridhisha ungeniuliza mfuko mzuri unajulikanaje.

Ulichouliza ni kifupi. Jibu lake ndilo refu.

Kazi yangu umekuwa ukiijua juujuu. Kiwandani kwetu unga wa kila aina unachanganywa, unaingia kwenye mtambo, unaiva kwa joto na mvuke, unatoka kama kamba nene inayokatwa punje punje kwa kisu kinachozunguka. Punje zinakaushwa. Mwisho zinaingia kwenye pipa kubwa, zinanyunyiziwa mafuta ya wanyama, na hapo ndipo zinapoanza kunukia. Kabla ya pipa lile, mbwa anaweza kuzipita kama anavyopita kokoto. Mimi nilikuwa ofisi ya juu, dirisha langu likitazama pipa hilo, na kazi yangu ilikuwa kuandika yale maneno madogo ya nyuma ya mfuko ambayo watu hawayasomi.

Chini yetu ni maabara, na humo yumo mama mmoja mpimaji tunayemwita Mama Pua. Jina hilo analipenda. Ana miaka mingi kazini kuliko mitambo yenyewe, na ndiye aliyenifundisha nilipoingia. Wiki ya kwanza alinifungulia mifuko miwili, akaniambia nifumbe macho ninuse. Mmoja ulinukia nyama ya kukaanga. Mwingine ulinukia vilevile, lakini nyuma yake kulikuwa na kitu kama rangi ya ukutani iliyokaa wazi. Akasema hayo ni mafuta yaliyochacha, na mbwa mwenye njaa atayala tu, ila yanammaliza polepole. Akanisugulisha punje kati ya vidole nisikie kama inaacha mafuta au vumbi. Akaniambia mfuko wenye tarehe ya mbali si lazima uwe mzuri kama umekaa kwenye stoo yenye bati na jua. Hayo yote, kaka, unaweza kuyafanya wewe kuliko mimi. Pua yako naijua. Tangu utoto ulikuwa ukijua nimekula nini kabla sijafika mlangoni.

Kisha akanifundisha kusoma. Vitu kwenye mfuko vinapangwa kwa uzito, kizito kwanza, na uzito huo ni wa kabla ya kupika. Ukiona kuku mbichi yuko juu, usishangilie haraka, kwa sababu sehemu kubwa ya kuku mbichi ni maji, na maji hayo yanaishia hewani. Akishakauka, anashuka chini kabisa. Unga wa kuku aliyekwisha kukaushwa ni afadhali, mradi uandikwe ni wa kuku. Ukiona wameandika mazao ya wanyama bila kumtaja mnyama, jua hata wao hawataki kuulizwa. Nikamuuliza vipi kuhusu protini, si imeandikwa asilimia yake? Mama Pua akavua kiatu chake, akakiweka mezani. Akasema nikikisaga hiki nikakipeleka kwenye kipimo, kitaonekana kina protini nyingi tu. Kipimo hakijui kama mbwa ataweza kuitumia.

Miaka miwili iliyopita unga wa kuku uliadimika. Meneja alituita, akasema mchanganyiko utabadilika: unga wa kuku utapunguzwa mpaka ubaki kidogo, mahindi yataongezwa, na kuku mbichi kiasi atatiwa ili jina lake lisipotee. Shida yake ilikuwa moja. Mahindi yangekuwa ndiyo mazito kuliko vyote, na mfuko wenye picha ya kuku mbele ungeanza na mahindi nyuma. Akauliza nani ana wazo.

Mimi ndiye niliyekuwa nalo. Nilisema mahindi yanaingia mtamboni kwa njia tatu, ya kusagwa, pumba, na ile protini yake inayoitwa gluteni. Tukiyaandika kila moja peke yake, kila moja litakuwa jepesi kuliko kuku mbichi. Kuku atabaki juu, mahindi yatatawanyika chini yake kwa majina matatu, na sheria hatutakuwa tumeivunja. Meneja alinitazama kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani. Mwezi uliofuata nikawa mkuu wa sehemu, na ule mwaliko wa chakula cha mchana niliowaalika wewe na wifi ulikuwa wa kusherehekea cheo hicho. Sikuwaambia nilikipataje.

Mama Pua hakunisema. Alipanda ngazi siku moja, ingawa magoti yanamsumbua, akaniwekea karatasi mezani yenye namba tatu na jumla yake chini. Akaniuliza kwa upole, "Ukiyarudisha pamoja, yanakaa wapi?" Nikamwambia yanakaa juu. Akaitikia kwa kichwa, akashuka.

Ujumbe wako ulipofika, nilichukua mfuko mmoja stoo nikashuka nao maabara kwa Mama Pua. Hakuuliza kwa nini. Alinusa, akasugua, akaloweka kiganja cha punje kwenye maji, kisha akafungua daftari lake la vipimo. Mafuta ya toleo lile yalikuwa yamechacha tayari. Aliyakataa kwa maandishi mara mbili, na mara zote mbili yalipita kwa sahihi ya meneja. Akasema mbwa wa kukaa uani, anayelala na kubweka, anaweza kuvuta na chakula hiki miaka. Mbwa wa kazi, anayetembea kilomita sita kwa siku na kufikiri kwa ajili ya mtu mwingine, atakwisha.

Nikaenda kwa meneja asubuhi hiyohiyo. Si mtu mbaya, ukimjua, na alinikaribisha kiti. Nilimwambia mahindi yaandikwe mahali pamoja na mafuta yaliyokataliwa yasitumike. Akafungua maandishi yangu mwenyewe, akayasoma kwa sauti, akaniuliza kuna uongo gani hapo. Nikamwambia hakuna hata neno moja la uongo.

"Basi tunabishana nini?" akauliza.

Nikamwambia nina kaka asiyeona, anayevushwa barabara na mbwa anayekula mfuko huu, na hata kama angekuwa anaona, kwa maandishi yale asingeona kitu. Akasema pole kwa ndugu yako, lakini kiwanda hakiwezi kuendeshwa kwa ajili ya mbwa mmoja. Nikampa karatasi niliyokuja nayo, yenye mahindi juu kwa jina moja. Aliikunja vizuri, akaiweka kwenye droo. Siku ya pili nikaambiwa nimechoka, nahitaji kazi nyepesi, na tangu hapo nipo stoo ya kupakia, napima mifuko na kushona midomo yake. Kazi yenyewe si mbaya. Mgongo unauma, lakini vijembe vya wapakiaji vinachekesha. Wameshanipa jina, wananiita Mheshimiwa.

Sasa, wifi, hapa ndipo nilipokuomba usiruke.

Kaka, kila mwisho wa mwezi kila mfanyakazi anapewa mfuko mmoja wa bure. Wangu nimekuwa nikikutumia wewe tangu ulipompata Karani, na najua unavyojisifu nao hospitalini, kwamba mbwa wako analishwa na mdogo wako. Mwaka wa kwanza zawadi ile ilikuwa ya kweli. Chakula kilikuwa kizuri, na ndicho alichokula mbwa wangu pia, yule mweusi aliyekatika sikio. Mchanganyiko ulipobadilika, nilimwachisha mbwa wangu wiki hiyohiyo. Nikawa namnunulia mfuko wa kiwanda kingine, kwenye duka la mbali ili asinione mtu wa kazini. Nikifika nyumbani naumimina kwenye ndoo yenye kifuniko, na mfuko wenyewe naukatakata kwa mkasi.

Wa kwetu nikaendelea kukutumia wewe.

Nimejiuliza sana kwa nini, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Haikuwa kwamba sikujua. Nilijua kuliko mtu yeyote katika jengo lile, kasoro Mama Pua. Lakini kama ningeacha kukutumia ungeniuliza sababu, na sababu ilikuwa ni mimi. Kila mwezi nilisema mwezi ujao nitamwambia. Ulipopiga simu kunishukuru nilikuitikia. Ulipoanza kulalamika juu ya manyoya nilikwambia ni hali ya hewa. Siku ya mtaro wifi aliponipigia nilikuwa nimeshika mkasi, nakatakata mfuko. Nilijua kabla hujaniuliza, kaka, na nilijua miaka miwili.

Nimefanya machache niliyoweza. Jumatatu nilimpigia daktari wako wa wanyama, nikamsomea mchanganyiko wote jinsi ulivyo, pamoja na vipimo vya mafuta. Ndiyo maana alimpigia wifi mchana ule akamwambia asimamishe mfuko bila kumweleza sababu. Nilimwomba sababu aniachie mimi. Alisema Karani ana umri wa kupona, nguvu zitarudi kwanza na manyoya baadaye, ila kazi apumzike hadi yeye mwenyewe aseme. Chakula alichomwandikia amekichagua yeye. Mimi sikutia neno. Ameniomba pia ruhusa ya kuyapeleka niliyomsomea kwa wakaguzi wa vyakula vya mifugo. Nimempa, kwa maandishi na sahihi yangu, na Mama Pua ametoa nakala ya daftari lake. Meneja bado hajajua. Akijua, nadhani hata stoo nitatoka. Mume wangu nimemwambia, amesema tutabanana.

Kuhusu asubuhi zako za kwenda kazini, najua bila Karani unamtegemea jirani mwenye gari, na najua hupendi kumngoja mtu. Nina siku kumi na mbili za likizo. Ningeweza kuja kukutembeza mwenyewe, kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya simu, na kurudi jioni kukuchukua. Sitakuja mpaka uniite.

Wifi, pole kwa kazi niliyokupa ya kuyasema haya kwa mdomo wako kwa mtu unayekaa naye. Ulistahili nije niyaseme mwenyewe. Niliogopa kwamba nikiwa mbele yenu ningeanza kulia, mkaanza kunibembeleza, na ingekuwa mimi tena ndiye ninayepewa pole.

Wasalimie watoto, mwambieni mdogo picha yake ya treni nimeibandika jikoni. Watu wa nyumbani kwangu wote wanawasalimu.

Unapojibu, nijibu kuhusu Karani kwanza: kama anamaliza bakuli, kama ameinuka mwenyewe asubuhi. Kuhusu mimi utajibu ukiwa tayari, na kama huna la kujibu, nijulishe ya Karani tu.

Ni mimi, mdogo wako.