Kura za Kwenye Kiti cha Kinyozi

4 Agosti

Mwanangu mpenzi,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya mashahidi ambao ni jirani yetu na kuku wake wawili, natangaza rasmi kwamba mimi, baba yako mzazi, nimepokonywa kiti changu cha sebuleni. Sasa kinakaliwa na wananchi.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Hujambo? Kifua kimepona? Huko kwenye chumba cha kupigia pasi uangalie, ule mvuke wa mashuka ya hoteli usije ukakurudishia kikohozi. Sisi wazima, isipokuwa goti langu, ambalo siku hizi lina maoni yake.

Ningekupigia, lakini simu ya mama yako inalia kama kengele ya shule. Anagombea tena udiwani. Miaka mitano nimeihesabu kama mfungwa, nikijua nakaribia kuachiwa. Juzi ananipakulia chakula, ananiambia, "Mume wangu, nimechukua fomu." Nikasema hongera. Ungesema nini wewe, na mwiko anao yeye?

Asubuhi nikitoka kuoga nakuta sebule imejaa. "Shikamoo mzee!" wananiamkia kwa pamoja kama kwaya. Mimi marahaba, huku nimeshika taulo.

Unamjua mama yako. Diwani mwingine ukimpelekea shida anakwambia, "Nitalifuatilia." Huyu anavaa mabuti. "Haya, twende wote," na wewe uliyeleta lalamiko unakabidhiwa chepe. Mtu amekuja asubuhi kusema mtaro umeziba, jioni anarudi kwake na malengelenge. Mtaro unapitisha maji, sawa, lakini mwenye malengelenge hasahau.

Mpinzani wake ni yule mwenye duka la saruji. Tumempa jina Bwana Pumzika, kwa sababu hotuba yake ni moja tu: "Mmechoka. Nichagueni, mpumzike." Anapigiwa makofi mpaka vumbi linatimka.

Sasa nikwambie la ndani, na liishie kwako. Nikiyasikia makofi yale, nusu ya moyo wangu nayo inapiga. Namtaka mke wangu nyumbani.

Ni mimi,
Baba yako

19 Agosti

Shikamoo baba,

Kifua kimepona, na mashuka hayajaniua. Goti lisuguliwe na mafuta ya moto, lisiachiwe uhuru wa maoni.

Hilo la nusu ya moyo nimelisoma mara mbili. Baba, unadhani akishindwa utarudishiwa yule mama wa zamani, anayekaa kibarazani anachambua mchele huku unamsimulia habari za wateja? Atarudi huyu huyu mwenye mabuti. Na akikosa kata ya kuongoza, atakuongoza wewe.

Halafu ameitaka hii kazi kwa moyo wake wote. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu wako humwachi njiani. Una kiti cha kunyolea ambacho kila mwanamume wa mtaa lazima akikalie. Msemee huko. Nakuomba.

Mbusu mama, kama utapata nafasi kwenye foleni.

Binti yako

6 Septemba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Goti limesuguliwa, limenyamaza kwa muda. Wewe je, unakula? Usinijibu "nakula", niambie unakula nini.

Nimekusikia. Mimi sina ulimi wa jukwaani, unajua, lakini nimefanya jambo la kisayansi. Kila mteja anayekuja kunyoa ndevu nampaka sabuni, namlaza kichwa nyuma, naweka wembe chini ya kidevu, kisha namuuliza taratibu, kwa upole kabisa: "Hivi kura yako unampa nani?"

Mwanangu, sijawahi kuona umoja wa namna ile. "Mama diwani, mzee wangu." Wote! Fundi viatu, mama yako. Muuza mkaa, mama yako. Yule aliyetoka malengelenge mikono yote miwili, mama yako. Hata mdogo wake Bwana Pumzika, tumbo moja, baba mmoja, alisema "Mama, mama tu," kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Hakuna hata mmoja aliyetikisa kichwa.

Nikampelekea mama yako matokeo. Alinishika mkono, akasema, "Kumbe ulikuwa unanihangaikia kimyakimya." Niliona haya, nikajifanya natafuta miwani.

Basi akafuta mikutano yote ya wiki ya mwisho. "Kama kura zipo, nikahutubie nini? Mtaro wa nyuma ya soko haujaisha, na mvua iko njiani." Vijana waliokuja kubandika mabango yake nao kawapa machepe. Mabango yamefunika mifuko ya mchanga. Kutoka juu ya daraja unaiona sura yake, inatabasamu matopeni.

Uchaguzi ni Jumapili ya wiki ijayo. Nusu ile ya moyo nimeikanya.

Baba yako anayekupenda

12 Septemba

Shikamoo baba,

Nakula ugali na maharage, na siku za mshahara nakula nyama. Sasa tuongee.

Baba yangu mpenzi, hao watu uliwauliza wembe ukiwa wapi?

Wewe mwenyewe, akija mtu na kisu kooni mwako akauliza kama anaimba vizuri, utamjibu nini? Tafadhali waulize tena, wakiwa wamesimama, wameshalipa, wako mlangoni. Na mama atoke huko mtaroni aende mikutanoni, hata miwili tu. Nimempigia mara nyingi, simu inalia tu. Nadhani iko mfukoni mwa koti, na koti limetundikwa mtini.

Barua hii naipeleka posta sasa hivi, nikiwa bado na aproni yangu ya kazi.

Binti yako

20 Septemba

Mwanangu,

Nakusalimu kwa utulivu. Barua yako imefika baada ya uchaguzi. Ulilotaka niwaulize, masanduku yameshawauliza.

Ameshindwa. Si kwa kura nyingi. Tofauti ni wateja wangu wa wiki moja hivi, na nawajua kwa videvu.

Alimpa Bwana Pumzika mkono, akamweleza mfuniko gani wa mtaro unakwama na namna ya kuupiga teke, akarudi nyumbani kwa miguu. Siku ya kwanza tulikunywa chai wawili, kibarazani, kama nilivyoota miaka mitano. Nikamsimulia habari za wateja wote. Akacheka panapostahili.

Siku ya pili alitazama paa. "Linavuja," akasema. Kisha akanigeukia: "Haya, twende wote." Mwanangu, nina malengelenge.

Lakini hilo silo linaloniuma. Jana nilimkuta sebuleni amesimama, ananyoosha viti ambavyo havijapindika. Akaniuliza bila kugeuka, "Leo hakuna aliyebisha hodi?" Nikasema hakuna. Akasema, "Vizuri, wapumzike." Halafu akavinyoosha tena.

Nikaona bora nimwambie habari ya wembe. Nilitegemea tufani. Alinitazama, akauliza, "Uliwashika shingo?" Nikasema, "Kwa upole." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, akafuta macho na ncha ya kanga, na mwishoni sikujua tena kama ni kicheko. "Hata mimi ningekupa kura yangu," akasema. Nikakaa naye pale chini, goti likipinga.

Nimepata nilichokitaka, na sijui nikiweke wapi.

Baba yako

2 Oktoba

Shikamoo baba,

Nimelia, nimecheka, nimeunguza foronya ya mgeni.

Usijilaumu sana. Ulimpenda kwa kifaa ulichokuwa nacho mkononi. Sasa mtafutie kazi. Isiwe ya kumtuliza kama mtoto. Iwe kazi ya kweli, yenye watu na tope.

Mwambie nampenda. Mwambie nimejivunia ile sura yake matopeni kuliko kama ingekuwa ukutani.

Binti yako

17 Oktoba

Mwanangu,

Hujambo? Sisi salama, paa halivuji. Usinunue foronya ya kufidia; waambie ilikuwa na kasoro.

Mvua imeshuka, kubwa. Mtaro wa nyuma ya soko umekunywa maji yote, hakuna meza hata moja iliyolowa. Wauza mboga walikuwa wanapita wanautazama kama mgeni aliyewaletea zawadi wakamsahau jina.

Jana kulikuwa na mkutano wa soko kuchagua mwenyekiti wa kamati. Tangu nizaliwe sijawahi kusema kitu mkutanoni. Niliinua mkono, nikalitaja jina la mama yako, nikakaa haraka. Nilikuwa mikono mitupu, mwanangu, na wao wote walikuwa wamesimama. Kisha yule muuza mkaa akasema, "Huyo huyo." Wakafuata wengine, mmoja mmoja, na mikono yao ikabaki juu mpaka ikahesabiwa mara mbili.

Mama yako alinitafuta kwa macho katikati ya watu, akanitazama kama siku ile alipokubali posa. Leo katoka nyumbani kabla ya chai, anaimba.

Sikuwa nimeuliza muhula ni wa muda gani. Ni miaka saba.

Baba yako