Saini ya Msitu wa Baba

Kiviranta, Savo
23 Aprili

Kaka yangu Kalervo,

Pokea salamu nyingi, wewe na wifi Birgit. Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima kabisa, namshukuru Mungu. Barafu ya ziwani imeanza kulainika, na sauna naiwasha kila Jumamosi kama kawaida.

Juzi alikuja binti mmoja wa mazingira, Vartiainen, kukagua msitu wa Baba. Alizunguka humo kutwa nzima. Nilipomkaribisha kahawa na mkate wa iliki, akaniambia kwamba watu wanajisifu nchi hii imehifadhi misitu mingi, lakini ukitazama ramani, mingi iko kule Lapland, kaskazini kabisa, mti unakokua kwa kubembelezwa. Huku kusini ni viraka tu. Hekta zetu kumi na saba, alisema, ni kiraka cha maana sana, na chini ya miti ya haapa ameona mavi ya kindi arukaye, yale ya manjano, kama punje za mchele. Nilicheka kwa furaha, wallahi!

Jirani yetu Immonen, anayenunua miti, alikuja mbio kuniuliza kama nimerukwa na akili, msitu uliokomaa hivi nawaachia panya wenye mabawa. Nikamjibu kwamba panya hao wana adabu kumshinda yeye: hawajaingia kwangu na viatu hata siku moja. Alirudi mlangoni kuvua buti.

Sasa, urithi wetu haujagawanywa, kwa hiyo bila saini yako hakuna hifadhi, na Immonen ataendelea kuunyemelea na mashine zake. Uliniandikia kwamba hata Baba alikata upande wa kaskazini, ya nini tujifanye watakatifu. Hapo nina neno, kaka. Nimelibana kifuani miaka thelathini na minane.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akipiga magoti chini ya haapa kila Aprili, kutafuta mavi yale. Aliapa kwamba akiyaona, hakati. Mwaka ule wewe ulikuwa umeitwa chuoni huko Göteborg, na bila fedha za miti ile ya kaskazini ungebaki kiwandani. Basi nilimtangulia alfajiri na ufagio.

Yalikuwepo, Kalervo. Mengi. Niliyafagia yote. Baba alipiga magoti, hakuona kitu, akauza. Hukujua lolote, wala yeye hakujua. Mpaka anakata roho alikuwa akiniuliza amewakosea nini kindi wake hata wakamhama, nami nikimpa maji ya kunywa nimenyamaza.

Kwamba ulisoma, sijutii. Ule ukimya ndio unaoniumiza.

Fomu imo humu ndani, mimi nimeshasaini. Nakujua, utafoka, utazunguka meza, kisha utatafuta kalamu. Ukishasaini, njoo unigombeze ana kwa ana.

Mbusu wifi kwa niaba yangu, na Mungu awalinde.

Ni mimi dada yako,
Raili